Risasi Ndani ya Maganda

Kibabi, Alhamisi alasiri

Sifa mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kanisani, kwaya inataka kukuimbia kabla hujaondoka. Ngoma naisikia hadi hapa mezani. Ikinyamaza nitajua uko njiani kurudi. Basi muda wangu wa kuandika ni huo tu.

Sitakuandikia habari ya blanketi, wala dawa ya malaria, wala nani wa kuketi karibu naye njiani. Nyanya yako ameshayasema hayo mara tatu, na kila mara ameongeza kipande cha fromaji, jibini ya hapa kwetu, kwenye begi. Nataka kukuandikia habari ya mtu atakayekupokea Jumamosi, Bukavu. Wewe unamwita Tonton Anicet, kama mjomba wako. Mimi nimemwita kaka tangu tulipokaa benchi moja shule ya msingi Nyabiondo. Utalala kwake, utaingia maabara yake, na barua ya kukupokea chuoni ina sahihi yake. Mtu huyo alinifanyia jambo, na mimi nikafanya jambo kwa watu wengine kwa sababu yake, na wewe hukuambiwa lolote. Kesho unapanda pikipiki. Nisipokuambia leo, utafika kwake ukiwa hujui ni nani unayemshukuru.

Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Lakini sauti yangu naijua, nimeifanyia kazi miaka ishirini redioni. Ningeanza kusimulia, sauti ingejitengeneza yenyewe, na mwisho ungenionea huruma. Kwenye karatasi ni vigumu zaidi kujipendelea.

Nianze na lile ambalo ni la kweli na halifutiki. Ulipokuwa na miezi saba tulikimbia Nyabiondo. Mimi nilikuwa na homa, nisingeweza kubeba hata bidoni tupu ya maji. Anicet alichukua kitenge changu, akakufunga mgongoni kama mwanamke, akatembea nawe kutwa nzima kwenye njia za miguu. Vijana tuliokuwa tukikimbia nao walimcheka.

"Mama Anicet! Mutoto analia, mupe ziwa!"

"Nilishamupa," akawajibu. "Sasa anataka ya kwako."

Risasi zilikuwa zinapita juu ya migomba, na mtu huyu anatania. Ndiyo sababu miaka yote iliyofuata, akinipa neno, sikulipima. Kuna watu ninaowauliza maswali na kuna watu ninaowaamini. Anicet nilikuwa nimemweka upande wa pili siku ile, kwa ajili ya mgongo wake, na sikuwahi kumrudisha.

Kipindi changu cha redio juu ya maganda unakikumbuka, maana ndicho kilichokufanya useme utasoma kemia. Ulikisikiliza jikoni ukimenya ndizi, ukaacha kisu. Nilifurahi kuliko nilivyokuonyesha. Sasa nataka ujue kilivyotengenezwa.

Juu ya kilima kule Nyabiondo wanaosha mawe ya machimbo, na maji yanayoshuka ndiyo wanayoteka watu wa bondeni. Maabara ya Anicet ilipima maji ya kijito hicho ikakuta risasi. Siyo ya bunduki. Nasema ile metali nzito ya kijivu iliyomo ndani ya betri za gari, ambayo shuleni mliiita plomb. Ndani ya maji haionekani, hainuki, haina ladha. Mtoto anainywa siku baada ya siku, inakaa mwilini mwake na haitoki upesi, na wanaoijua wanasema inamharibu kichwa kabla hajaanza kusoma.

Anicet alikuja na mapipa mawili ya plastiki. Akachukua maganda ya muhogo yaliyokauka juani, akayatwanga kwenye kinu cha Mama Shukuru wa bondeni hapo, akayaosha, akayafunga kwenye kitambaa, akayaweka ndani ya pipa kati ya mchanga na makaa. Maji yakamwagwa juu, yakatoka chini tone kwa tone. Akina mama walikuwa wamesimama duara. Nikamwekea mikrofoni.

"Kaka, elezea bantu. Ganda inafanya nini mule ndani?"

"Munajua kishonanguo? Ile mbegu nyeusi yenye inashikana na jupe ukipita mu shamba? Ganda ya muhogo iko vile. Metali inapita, inashikwa."

Mama mmoja aliangalia sketi yake, wote wakacheka. Sijawahi kurekodi maelezo mazuri kuliko hayo. Niliyapenda mno hata sikuuliza swali lililokuwa limesimama mbele yangu: kishonanguo kikishika sketi, hakijapotea. Kimehama tu. Sasa kiko kwenye sketi. Nani atakichambua, na atakitupa wapi?

Alipomaliza alinipa karatasi ya matokeo. Ilikuwa safi, ina jedwali la maji kabla na maji baada, na kwa kweli tofauti ilionekana. Chini, upande wa kulia, kwa maandishi madogo, paliandikwa 1/2.

Niliiona, Sifa. Usije ukafikiri nilipitiwa. Niliiona na nikajua maana yake kama unavyoijua wewe. Nikasema moyoni, huko kwenye ukurasa wa pili ni sahihi na mihuri tu. Kungekuwa na kitu, Anicet angenipa. Nikaikunja nikaitia mkobani. Kwa miaka ishirini nimewatuma vijana wa studio warudi Masisi nzima kutafuta karatasi iliyopungua. Mimi mwenyewe sikunyoosha mkono.

Kosa la pili nililifanyia hapa, kwenye meza hii, nikiandika maneno ya kipindi. Nilikuwa na maneno mawili, plomb na risasi. Unajua ninavyopenda Kiswahili kilichonyooka hewani, unajua nilivyowakera wenzangu kwa jambo hilo. Nikachagua risasi. Ni neno sahihi, liko kwenye kamusi. Nikalitamka kipindi kizima, kwa sauti yangu nzuri, kwa watu ambao kila mmoja wao ameshaokota risasi shambani akilima maharage.

La tatu lilitokea hewani. Msikilizaji alipiga simu kutoka Walikale, mtu wa dhahabu.

"Mama Radio, sisi huku tunakamata dhahabu na merkure. Kisha inashuka mu maji. Ile maganda inaweza kutoa na hiyo?"

"Inaweza, kaka," nikamjibu. "Sumu ya metali yote."

Karatasi haikusema yote. Ilisema risasi peke yake. Neno yote nililiongeza mimi, kwa sababu alikuwa ameuliza kwa matumaini na nilikuwa na dakika moja kabla ya tangazo. Hakuna aliyenidanganya hapo. Siku nyingine nikimkasirikia sana Anicet namkumbuka mtu huyo wa Walikale. Sikuchukua namba yake.

Miezi ilipita. Nikapita Nyabiondo kwa habari nyingine, ya daraja, na Mama Shukuru akanishika mkono wa koti. Unamjua, ndiye aliyekuletea jogoo ulipofaulu mtihani wa Taifa.

"Mama Radio, karibu. Ulituambiaka risasi iko mu maji."

"Ndiyo, mama."

"Na ganda inaikamata."

"Ndiyo."

"Sasa miye, kila nikibadirisha, nafungua kitambaa, natafuta. Nilipepeta na ungo. Risasi hata moja! Nikasema pengine bale ba bunduki ku kilima sasa beko napiga upande ingine."

Nikacheka. Naye akacheka, maana alikuwa ameusema kama utani, lakini macho yake yalikuwa yanangoja jibu. Nikiwa bado nacheka nikamwuliza maganda yale huyapeleka wapi.

"Ala, weye! Ganda inatupwaka? Ninakausha, ninapatia mbuzi. Kama haina risasi, si iko muzuri?"

Hapo ndipo niliacha kucheka. Wewe umekulia huku, huhitaji kuelezwa. Ganda la muhogo, la ndizi, la viazi, halijawahi kuwa takataka katika nyumba yoyote ya Masisi. Ni chakula cha mbuzi tangu kisu kinapoligusa. Mama Shukuru hakufanya uzembe wowote. Alifanya zaidi ya nilivyofanya mimi: alipewa habari, akaenda kuihakikisha kwa ungo, hakuona kilichotajwa, akahitimisha. Angekuwa kwenye studio yangu ningemsifu.

Akanipeleka zizini. Alikuwa na mbuzi watano. Wawili walikuwa wameharibu mimba. Mmoja alikuwa anazunguka na kugonga kichwa kwenye mbao, kama mnyama asiyeona. Wa nne alikuwa amesimama tu. Wa tano hakuwepo. Alipoanza kudhoofika walimchinja, wakamla, yeye na wajukuu na majirani wawili.

Lazima niwe sahihi hapa. Sijui kama ni maganda. Hakuna aliyewapima mbuzi, hakuna aliyeyapima maganda, na mbuzi huugua kwa mambo mengi. Ninachojua ni kwamba ile metali ilishikwa ndani ya ganda, ganda likaingia ndani ya mbuzi, na mbuzi mmoja ameingia ndani ya watoto. Njia hiyo niliifungua mimi kwa redio.

Wiki iliyofuata nikaenda Bukavu. Wewe ulifikiri naenda kukuandikisha tu, na kweli nilikuandikisha. Kwanza Anicet alinipa barua yako. Ilikuwa tayari, imegongwa muhuri. Alikuwa na furaha ya dhati kwa ajili yako, hilo nalo nitaliandika. Kisha nikatoa ile karatasi ya zamani nikaiweka mbele yake.

"Kaka, hii iko na ukurasa ya pili?"

"Iko."

Akavuta saraka ya meza, akaitoa. Hakutafuta hata kidogo. Ilikuwa juu.

Nikaisoma nimesimama. Ilisema maganda yabadilishwe mapema, maana yakishajaa hayashiki tena na yanaweza kuachilia yaliyoshika. Ilisema yaliyokwisha kutumika yasipewe mnyama yeyote wala kutiwa shambani kama mbolea, bali yazikwe kwenye shimo lililotandikwa plastiki, mbali na maji. Na mstari wa mwisho ulisema jaribio lilihusu risasi peke yake. Zebaki, ambayo wewe na mtu wa Walikale mnaiita merkure, haikujaribiwa.

"Juu ya nini hukunipatia hii?"

"Hukuniuliza."

"Anicet."

"Weye njo mujournaliste, si miye. Uliona imeandikwa moja juu ya mbili, ukanyamaza. Sasa unataka nilie?"

Aliinuka akafunga mlango, akarudi na sauti nyingine, ile ya utotoni.

"Sikiliza, dada. Ningesema shimo, plastiki, musipatie mbuzi, nani angekubali? Mama gani wa Nyabiondo atazika chakula ya mbuzi mu udongo? Bageni benye banalipa hii kazi bangeona bantu banakataa, bangerudi kwabo, kazi inakufa. Nikasema tuanze na ile ya muzuri. Ile ingine tutasema kisha."

"Kisha lini?"

Akaangalia dirishani. Halafu akasema, bila kunitisha, kama mtu anayekuambia mvua inakuja: "Ukisoma hiyo ukurasa mu radio, hii labo banaifunga. Na Sifa ataingia wapi?"

Nimehojiwa na watu wenye bunduki, mwanangu, na nilirudi nyumbani nikala. Siku ile sikula. Si kwa sababu ya tishio. Ni kwa sababu ya lile swali lake la mama wa Nyabiondo. Ukurasa wa pili haukuandikwa na mgeni asiyejua mbuzi wanakula nini. Uliandikwa na mtoto wa Nyabiondo, aliyechunga mbuzi na kuwabebea maganda kila jioni baada ya shule. Nilikuwepo, nilimsaidia kubeba. Alijua barabara watakalofanya. Ndiyo maana aliandika. Na ndiyo maana aliuficha.

Nilirudi na karatasi mbili. Ya kwako ulinipokonya kabla sijashuka kwenye pikipiki, ukakimbia nayo kwa nyanya, mkaimba. Nyingine niliitia ndani ya boksi la betri za kinasa sauti.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo ningependa kuiruka. Kwa siku kumi na moja sikufanya lolote. Ulikuwa unashona sare, unapanga vitabu, unaniuliza kama Tonton anapenda asali. Nikasema, aondoke kwanza, afike, aketi darasani, halafu nitasoma. Ilikuwa sababu nzuri. Na kila siku ya hizo kumi na moja kuna mtu Nyabiondo aliyefungua kitambaa, akakausha maganda, akawamwagia mbuzi. Anicet alininyamazia kwa ajili ya kazi yake. Mimi nikamnyamazia Mama Shukuru kwa ajili yako. Nimetafuta tofauti kati yetu kwa siku nyingi, na mimi si mvivu wa kutafuta. Bado sijaipata.

Siku ya kumi na mbili nilikwambia naenda kurekodi habari ya bei ya maharage. Nilikwenda Nyabiondo. Nilimkuta Mama Shukuru anapukuchua maharage. Nikamsomea ukurasa wa pili, neno kwa neno, kwa Kiswahili cha nyumbani. Hakuinua uso mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo iko mule."

"Iko, mama."

"Na haionekane."

"Haionekane."

"Sasa juu ya nini uliiita risasi?"

Nikaanza kumweleza kwamba ni jina la metali, kwamba risasi za bunduki zilipata jina hilo kwa sababu hutengenezwa nayo. Alininyamazisha kwa kiganja chenye ganda la maharage.

"Risasi njo kitu ya kuonekana, Mama Radio. Risasi tunaijua. Inatoboa, inatokea ngambo. Ungesema tu kuna sumu yenye haionekane, inaingia mu ganda, inabakia mule. Miye sikusoma, lakini sumu ninajua. Nyiye mulisoma sana mpaka mukaharibu neno."

Akaendelea kupukuchua, halafu akauliza, taratibu, "Na ile nyama tulikula?"

Nilimwambia sijui. Nilimwambia kuna daktari Goma anayeweza kupima damu, na kwamba nitawapeleka watoto mwenyewe barabara ikiruhusu. Aliitika kwa kichwa, kama mtu anayeweka jambo mahali atakapolikuta tena.

"Na mbuzi nitawapatia nini sasa? Gazeti yako?"

"Sina gazeti, mama. Niko na radio."

"Basi watakula sauti."

Nilidhani atalitupa pipa. Hakulitupa. Aliuliza kama maji yenyewe, yale yanayotoka chini, ni mabaya. Nikamwambia ukweli: akibadilisha maganda mapema ni afadhali kuliko ya kijitoni, kwa risasi, kwa mengine hakuna aliyepima. Akafikiri. Kisha akaingia ndani akatoka na turubai lake la zamani, lile la kambini alipokuwa mkimbizi, limetoboka pembe moja, akaniuliza kama linatosha kutandika shimo. Tukakunja mara mbili pale penye tundu. Jirani yake alikuja kuangalia, akamwuliza, "Mama Shukuru, uko nazika nani?" Akajibu, "Risasi." Yule jirani akarudi nyuma hatua mbili. Mama Shukuru akanitazama ili nione.

Marekebisho nimeyarekodi jana. Yatasikika Jumapili baada ya misa, saa ileile ya kipindi cha kwanza. Nimeanza na jina langu na makosa yangu matatu, pamoja na la Walikale. Jina la Anicet nimelitaja mara moja, na sehemu inayomhusu nilimsomea kwa simu kabla ya kurekodi, kama ninavyomfanyia mtu yeyote. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata.

Hajasema usije. Hajasema uje.

Kwa hiyo hili ndilo nililokutendea. Wewe utafika kwake Jumamosi, na Jumapili sauti ya mama yako itakuwa hewani. Barua yako ina sahihi yake na muhuri wa chuo. Muhuri hawezi kuufuta peke yake, sahihi anaweza. Chumba anaweza kukunyima. Masista wenye bweni jirani na chuo wamekubali ulale kwao ukihitaji. Ndicho kitu pekee nilichokiandaa. Nafasi uliyoifanyia kazi miaka sita nimeiweka rehani bila kukuuliza, na sikukuuliza kwa sababu niliogopa ungesema ningoje. Pengine usingesema hivyo. Sikukupa nafasi ya kunionyesha. Una haki ya kunikasirikia, na usiharakishe kumaliza.

Sikuambii umchukie. Nimejaribu kumgawa awe watu wawili, yule aliyekubeba na yule aliyevuta saraka bila hata kutafuta. Haikuwezekana. Ni mtu mmoja, na mgongo ni uleule. Akikubali kukufundisha, jifunze kwake, maana katika mkoa huu simjui anayeyajua maganda kumzidi. Na kazi yenyewe si uongo, Sifa. Ganda linashika. Kitu ambacho kila nyumba inacho, kisichohitaji kiwanda wala ndege, kinashika sumu inayowaingia watoto. Alichoficha ni nusu iliyobaki: likishashika, linakwenda wapi, nani analizika, mbuzi watakula nini badala yake. Hiyo nusu hakuna aliyeifanyia kazi bado. Nenda ukaifanyie. Na ukipata jibu, kabla hujalipa jina, liseme kwanza mbele ya mtu anayepukuchua maharage.

Uliniuliza utotoni kwa nini mimi siku zote nasoma karatasi kuanzia chini. Nilikujibu ni mazoea ya kazi. Yalikuwa mazoea kweli, mpaka siku moja nilipoyaacha kwa ajili ya mtu ninayempenda. Tunaowapenda ndio ambao karatasi zao tuzisome hadi chini zaidi. Na mimi nimo.

Ngoma imenyamaza. Nasikia mnacheka kule kwenye mteremko, na sauti ya nyanya ikiwaita msilowe na mvua inayoanza.

Nitaitia barua hii kwenye begi lako, chini ya fromaji, utaikuta usiku wa kwanza Goma, kabla ya kuvuka ziwa kwenda Bukavu, ukiwa bado unaweza kuamua. Ina kurasa sita. Nyuma yake nimebana karatasi moja zaidi, si yangu: ni ile yenye 2/2, yenyewe, siyo nakala. Nakala nimebaki nayo mimi.

Kila ukurasa nimeuandikia namba yake chini kulia. Hesabu kabla hujaanza kusoma. Na kama umesoma hadi hapa bila kuhesabu, basi kweli wewe ni mtoto wangu. Rudi mwanzo, uhesabu.

Mama

6/6